Vibakuli Kumi na Viwili vya Bi. Nuru

Vicheko vyenu navisikia, wajukuu zangu. Mnapita ukumbini, mnaliona kabati langu limepigwa kufuli, mnanong'onezana kwamba bibi amefungia vikombe kama mtu aliyefungia dhahabu. Ninyi mnaokunywa maji kwenye plastiki, kitu ambacho ukikiangusha kinaruka kama chura na kutua kikikutazama, mtajua nini habari ya chombo? Chombo ni kile ambacho kikikuponyoka, moyo unashuka nacho. Kaeni basi niwaandikie, maana kwa mdomo nimesema sana na huwa mnasinzia.

Shule sikwenda. Chuoni nilifika nusu ya Kurani, mama akanitoa nikamsaidie kuchoma vitumbua. Herufi hizi nilifundishwa ukubwani na marehemu babu yenu, naye alifundishwa na karani mmoja mlevi, kwa hiyo mkiona mstari umepinda laumuni pombe ya mtu mwingine.

Kazi yangu ilikuwa vyombo vya kioo. Miaka thelathini na zaidi nimewakodishia watu wa Kariakoo, Gerezani na Ilala bilauri za sharbati, majagi, na hasa vile vibakuli vyenye mguu mfupi vya kulia faluda. Vingine nikinunua, vingine nikiuza, na vile nilivyovipenda mno nilivificha chini ya kitanda na kumwambia babu yenu kwamba ni vya mtu. Na vyote vilikuwa kioo cha kalibu. Kioo cha matajiri huchongwa kwa gurudumu, kimoja kimoja, fundi akitoka jasho. Cha kalibu huyeyushwa, kikamiminwa moto ndani ya chuma chenye nakshi, chuma kingine kikakikandamiza kutoka juu, na kibakuli kinatoka na maua yake tayari. Ni ndugu wa cha kuchongwa, ila ndugu maskini, aliyezaliwa mapacha mia tano.

Mtauliza tulivipata wapi. Mjerumani alipoondolewa baada ya ile vita, nyumba zake zilipigwa mnada, na vyombo vyake vikatawanyika mjini kama kuku waliofunguliwa tenga. Ukiingia kwa muuza samaki unakuta sahani ya keki ya bibi wa Kijerumani imewekewa pweza. Halafu Mwingereza akatulia, meli zikaanza kushusha makasha bandarini, vioo vimelala ndani ya majani makavu, na kasha likianguka kuna watu walijua njia ya kuokota vilivyopona. Mimi sikuwa miongoni mwao. Mimi nilikuwa miongoni mwa walionunua kwao bila kuuliza.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Baruti wa Gerezani. Zamani alikuwa mtumishi wa mezani kwa maofisa wa Kijerumani, kisha kwa Waingereza, na kote huko alichojifunza ni kioo na matusi. Jina la Baruti halikutoka vitani. Lilitoka kwenye jinsi alivyolipuka ukishika bilauri vibaya. Nilimkuta barazani kwake, ametandika mkeka, amepanga vyombo vyake kama jeshi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Toa kidole."

"Kidole gani?"

"Hicho ulichotia ndani ya bilauri yangu. Unashika kama unamtoa samaki matumbo."

Tukaanza hivyo. Akanifundisha kushika kitakoni. Akanifundisha kununua kwa uso wa mtu aliyefiwa, maana muuzaji akiona umefurahi, umekwisha. Na akanifundisha kutofautisha. Kigonge kwa ukucha, akasema: cha kuchongwa kinalia ngiii, kinakaa na sauti yake kama mtu aliyesoma. Cha kalibu kinasema ko, kinanyamaza, kama wewe mbele ya karani. Pitisha kidole ubavuni. Kalibu ni vipande vya chuma vilivyofungwa pamoja, na pale vilipokutana kioo hubaki na mstari mwembamba, mshono. Papasa nakshi: ya kuchongwa inakwaruza, ya kalibu imelala kama kisu cha nyumba isiyo na wa kukinoa.

"Na ukishindwa yote hayo, tafuta kovu," akasema. "Chuma cha kalibu kikipata jeraha, kila mtoto wake anazaliwa na kovu lilelile, mahali palepale. Fundi wa mkono hukosea leo hapa, kesho pale. Kalibu inakosea mara moja, halafu inarudia kosa lake mpaka ichakae." Akatazama kushoto na kulia kwake. "Kama serikali."

Msidhani nilielewa siku ileile. Mwaka wangu wa kwanza nilimkodishia mpika halwa mmoja, Mwarabu wa mtaa wa nyuma ya soko, vibakuli sita. Sikumwambia neno, maana nilidhani mtu mwenye ndevu zile anajua. Naye hakuniuliza neno, maana alidhani mwanamke mwenye vyombo vile anajua. Halwa ikatoka jikoni inatokota. Akamimina. Ta! Akamimina cha pili. Ta! Nilikuwa mlangoni natazama, mikono kichwani. Akaenda hivyo mpaka cha sita. Baadaye nikamuuliza, "Bwana, cha kwanza kilipopasuka, mbona ukamimina cha pili?" Akasema, "Nilitaka kuhakikisha."

Kwa hiyo andikeni, kama mnajua kuandika kitu kingine zaidi ya barua za mapenzi. Kioo kigeni hupikwa kwanza. Weka kitambaa chini ya sufuria, tia maji baridi, laza chombo, washa moto mdogo, acha maji yachemke taratibu, kisha chombo kipoe humohumo ndani ya maji yake. Na ukitaka kumimina cha moto, tangulia kuweka kijiko cha chuma ndani. Bilauri mbili zikigandana, moja ndani ya nyingine, msivute kama wehu. Ya ndani itie maji baridi, ya nje izamishe kwenye maji ya vuguvugu. Zitaachana zenyewe bila ya kadhi. Ukungu hutolewa kwa ndimu na majivu yaliyochekechwa, si kwa mchanga. Mke wa mjomba wenu aliyesugua jagi langu kwa mchanga namjua kwa jina na nitamtaja kwa Mungu.

Na kuna jambo la jua. Kioo cheupe cha zamani, ukikianika juani mwezi baada ya mwezi, huanza kupata rangi ya zambarau. Kiwandani walikitia dawa ya kukifanya cheupe, na jua linakuja kuifichua ile dawa. Mama mmoja wa Ilala alinirudishia jagi akilia kwamba limepigwa jicho na wifi yake. Nikamwambia ni jua, ulikuwa umeliweka dirishani. Alikasirika sana. Hakutaka jua. Alitaka wifi.

Sasa niwaambie desturi, maana bila hiyo hamtaelewa kilichonipata. Siku hizi harusini mnapewa soda, kila mtu na chupa yake, mnaona mambo yamekwisha. Sisi, mgeni akipewa chombo, jicho lake la kwanza haliendi kwenye faluda, linaenda kwenye chombo cha jirani. Vikifanana, salama. Ukipewa chenye ua na wenzako wana vya nyota, basi umeambiwa mbele ya watu kwamba wewe uliongezwa. Nimemwona shangazi mzima akiweka faluda chini bila kuionja, akajifunga kanga yake vizuri, akasema, "Nashukuru, daraja langu nimeliona," na nyumba ile hakuikanyaga tena mpaka ulipotokea msiba. Vikundi vya ngoma ya lelemama vilishindana kwa vyombo kama vilivyoshindana kwa nguo. Ndiyo maana wenye harusi wenyewe walikula kwenye vile visivyo na wenzake, na mimi mwenye vibakuli arobaini vinavyofanana nilisalimiwa mtaani kabla ya imamu.

Haya. Bi. Nuru.

Bi. Nuru binti Seif alikuwa mjane mwenye duka la nguo, Mwarabu wa ukoo, na kwake yeye dunia yote iligawanyika mara mbili: vitu vya asili na vitu vya mtaani. Mtoto hakujaliwa. Alimlea Salim, mwana wa marehemu kaka yake, na kijana huyo alikuwa kidogo wa asili na sana wa mtaani, lakini shangazi yake hilo hakuliona.

Siku moja akaniita kwake, kasikia nina jicho la kujua vioo. Nikapitishwa mlango wa uani, nikakalishwa juu ya gunia. Jua la mchana, nimetembea kutoka Kariakoo. Nikaomba maji. Bi. Nuru akamwambia mtumishi wake, "Mletee," na mtumishi akaniletea maji kwenye kopo la kuchotea, lile la kuogea, na nyuma yake kupitia mlango niliona kabati limejaa bilauri.

Nikanywa. Nilipokuwa nakunywa nikaamua.

"Nataka vibakuli vya faluda," akasema. "Kumi na viwili. Vya kuchongwa. Usiniletee vya mtaani."

"Vipo, Bibi," nikasema. Havikuwapo.

Nilivyokuwa navyo ni kumi na viwili vya kalibu, vizuri sana, vizito, vya Kijerumani, chini ya mguu vina nyota ya miale kumi na sita. Mwale mmoja umekatika katikati, na ubavuni mwake pana kipele kama cha tetekuwanga. Vyote kumi na viwili, mwale uleule, kipele kilekile. Nikamwita mdogo wangu Tatu, tukakaa uani na kinoo na maji, tukasugua ile mishono mpaka ikapotea. Kazi ya wiki nyingi. Kisha tukang'arisha kwa majivu na makumbi ya nazi. Tatu alikatwa vidole mara nyingi kuliko mimi, maana mimi nilikuwa msimamizi. Vile vipele hatukuvigusa. Viko chini ya mguu, nikasema, nani atatazama kitako cha kibakuli?

Msinitetee. Shida sikuwa nayo, nilikuwa nakula vizuri. Nilitaka tu mama yule aringe na uongo wangu kila siku ya maisha yake, na mimi nipite barabarani nikijua.

Siku ya kupeleka niliazima kwa Mzee Baruti kibakuli chake kimoja cha kuchongwa kweli. Mbele ya Bi. Nuru nikakigonga. Ngiii. Nikakiweka mkekani upande wangu, nikampa vingine mkononi.

"Umesikia, Bibi?"

"Nimesikia," akasema, na macho yakamlainika. "Asili haijifichi."

"Haijifichi kabisa, Bibi."

Jioni nikarudisha kile cha Mzee Baruti. Akakitazama, akanitazama. "Kilikwenda wapi?"

"Kulinganisha tu, Mzee."

"Mm," akasema, na siku hiyo hakunitukana. Nilipaswa kuogopa.

Mwaka haukwisha, Salim akamwona Tatu dukani ananunua kanga, na mambo yakawa yale ambayo ninyi mnadhani mmeyavumbua. Bi. Nuru akakataa mara tatu. Salim akagoma kula. Siku ya pili shangazi akasalimu amri. Aliyelea mtoto wa pekee hana vita ya siku tatu. Alikubali kwa mdomo, lakini shingo yake ilibaki inakataa.

Ndoa ikafungwa asubuhi. Alasiri wanawake wao wakaja kwetu kumwona bibi harusi, na ninyi mjue siku ile ndiyo iliyopima maisha ya mtu. Jinsi mke alivyopokewa mchana huo, ndivyo ukoo wa mume utakavyomwita mpaka azeeke. Tatu tulimkalisha mkekani ukumbini, amefunikwa kanga mpya, na mimi nimepanga vibakuli vyangu vyote arobaini, vinang'aa. Faluda imeganda vizuri, nyeupe, ina iliki. Bi. Nuru akaingia na wanawake kumi na mmoja wa kwao, na nyuma yao mtumishi amebeba kikapu.

"Karibu, mkwe," mama yangu akasema. "Karibuni mle."

"Tumekaribia. Msihangaike na vyombo. Watu wangu nimewaletea vyao."

"Lakini vyombo vipo, mkwe."

"Naviona. Vya kalibu."

Kikapu kikafunguliwa. Nadhani mnajua kilichotoka. Vile vibakuli vyangu kumi na viwili, Bi. Nuru na watu wake, kila mmoja na chake, na faluda yetu ikapakuliwa humo. Mama yangu akatazama chini. Wanawake wa mtaani wakatazamana. Mimi nikacheka kimoyomoyo, nakiri, nikasema ringa, ringa, mwanamke.

Kati ya wale kumi na mmoja alikuwamo mama mmoja mnene mwenye moyo mzuri, Bi. Rukia. Akaona bibi harusi hajapewa kitu. Akamsogezea kibakuli chake mwenyewe. Bi. Nuru akanyoosha mkono.

"Rudisha, Rukia. Huyo apewe cha kwao."

"Si kibakuli tu, dada?"

"Aliyechongwa ale cha kuchongwa, aliyemiminwa ale cha kumiminwa. Vyombo tusivichanganye. Kuchanganya damu kumetosha kwa leo."

Nje, wapishi wakaja kuchungulia mlangoni.

Tatu akainua ukingo wa kanga, akanitazama. Wajukuu zangu, angenitukana ningepona. Vidole vyake vilikuwa magotini, vina alama za kinoo mpaka siku ile. Neno moja lake lingemwangusha yule mama, na lingeniangusha mimi pamoja naye, mbele ya wateja wangu wote wa Kariakoo. Alilijua neno hilo. Akashusha kanga, vidole akavificha chini yake.

Nikafikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Nikisema, mimi mwizi, na huenda Bi. Nuru akainuka na kumchukua Salim wake, Tatu akabaki ameolewa asubuhi na kuachwa jioni. Nisiposema, Tatu ni aliyemiminwa mpaka kaburini, na watoto wake nyuma yake. Na mambo yote mawili nimeyatengeneza mimi, kwa mikono ya Tatu.

"Bi. Nuru," nikasema. "Hicho ulichoshika ni kalibu."

"Umesemaje?"

"Ni kalibu, Bibi. Vyote. Mshono niliusugua mimi. Nilichokigonga siku ile hakikuwa kimojawapo. Tazameni chini ya mguu. Kuna nyota. Mwale mmoja umekatika, na kando yake pana kipele."

Lo! Mngewaona. Wanawake kumi na mmoja wa asili, kila mmoja anataka kuona kitako cha chombo chake na faluda bado imo. Mmoja alikiinua juu ya kichwa kama anaangalia mwezi wa Ramadhani. Mwingine alimwambia jirani, "Nisomee changu." Bi. Rukia akageuza chake kama anayegeuza chapati, na faluda yote ikamlala mapajani, akasema, "Kipo! Kipele kipo!" kwa furaha kabisa, kama aliyeshinda mchezo.

"Na changu kipo."

"Changu pia, hapahapa."

"Fundi wa mkono," nikasema, "hawezi kukosea mara kumi na mbili mahali pamoja. Ila chuma kinaweza."

Wakamgeukia Bi. Nuru. Yeye alikuwa hajainua chake. Alipitisha kidole chini yake polepole, nikaona kidole kinafika kwenye kipele na kusimama. Kisha akakiweka kibakuli juu ya mkeka, taratibu sana.

"Mwanaidi," akasema.

"Labeka, Bibi."

"Umechoka, mwanangu. Tangu alfajiri uko jikoni, unamwoza mdogo wako, baba yenu hayupo. Mtu akichoka sana huropoka. Vibakuli vyangu ni vya kuchongwa." Akawatazama watu wake mmoja mmoja. "Au vipi, wenzangu?"

"Ni vya kuchongwa," wakajibu wote kumi na mmoja, na kucha zao bado ziko juu ya kipele. Hata Bi. Rukia, mwenye faluda mapajani.

Hapo nilielewa kwamba nilikuwa na hofu ya bure. Hakuweza kuondoka! Angeondoka, kabla ya magharibi mji mzima ungesema Bi. Nuru kakimbia kwa sababu ya kalibu. Ilibidi akae. Na ilibidi aonyeshe kwamba vibakuli vyake havina neno na mkwe wake hana neno. Akajikokota mpaka kwa Tatu, akamfunua uso, akachota faluda kutoka kwenye kibakuli chake mwenyewe, akamlisha kijiko kimoja, cha pili, cha tatu.

"Kula, mwanangu," akasema, na meno yake yalikuwa yamebanana kiasi kwamba sijui neno lilipitia wapi. Mama yangu ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Tatu alipona. Mimi je? Mtaa ukagawanyika. Nusu walisema Mwanaidi ni mwizi, kauza kalibu kwa kuchongwa. Nusu walisema Mwanaidi ni mwongo, kamsingizia mjane wa watu siku ya harusi. Hakutokea hata mmoja aliyesema nimesema kweli, na hakutokea hata mmoja aliyekuja kukodi. Vibakuli arobaini vikakaa vinashika vumbi. Nikaenda kwa Mzee Baruti nikategemea huruma, jambo linaloonyesha jinsi nilivyochanganyikiwa.

"Uongo umeuuza kwa bei kubwa, haukurudishwa," akasema. "Kweli umeitoa bure, wameirudisha. Sasa umejua biashara. Shika kitakoni, umesahau tena!"

Fungate ilipokwisha, alasiri moja nikasikia hodi mlango wa uani. Mtu amejifunika buibui mpaka machoni, ana kikapu. Akaingia, akatazama pa kukaa, akakaa juu ya gunia la makumbi kabla sijatandika mkeka. Bi. Nuru. Nikasimama kama niliyeshikwa na askari.

"Shikamoo, Bibi. Chako nitakurudishia, chote, nipe siku tu."

"Usithubutu. Ukirudisha, watu watajua." Akatoa kibakuli kimoja kikapuni. "Nifundishe."

"Nini, Bibi?"

"Kutazama. Ulichokiona wewe siku ile, mimi sikukiona. Sipendi mtu wa mtaani aone nisichokiona."

Nikamletea maji kwanza, kwenye bilauri yangu nzuri kuliko zote. Alikuja alasiri nne. Sijapata mwanafunzi kama yule. Mshono aliupata kwa ncha ya kidole akiwa amefumba macho, na hasira hakuwa nayo hata chembe, akisikiliza kama mtoto chuoni. Moyo wangu ukalainika. Nikasema, tazama, Mungu humrudi mja wake, mama wa watu amekuja kutubu.

Kutubu! Alikuja kutafuta silaha. Haukupita mwezi, hapakuwa na nyumba yenye kabati iliyolala salama. Bi. Nuru alikwenda kwa binamu zake, kwa mashoga zake, kwa kila aliyewahi kumringia. Anakaribishwa, anakunywa sharbati yote, anashukuru, anaipindua bilauri tupu, anapitisha kidole, kisha anamshika mwenye nyumba bega na kusema kwa huruma, "Pole." Basi. Neno moja. Kuna mama mmoja wa ukoo mkubwa alilia siku mbili na kuuza kabati zima.

Na wote hao walikimbilia kwa nani? Walikuja kwangu, kwa mlango wa mbele wengine, wengi wa uani. "Mwanaidi, njoo unikagulie kabla hajaja." "Mwanaidi, hiki atakisemaje?" Wale waliosema mwizi na wale waliosema mwongo wakapanga foleni moja. Nikafundisha, nikakodisha, nikauza, na kila nilichouza nilikiita kwa jina lake, si kwa wema, ila kwa kuwa sasa kulikuwa na kidole mjini kinachojua. Mzee Baruti akasema Bi. Nuru amefanya kazi ya mahakama bila mshahara.

Lakini mimi nilikuwa na mahali pamoja pa kuogopa, na mnapajua. Bi. Nuru alikuwa hajafika kwa Tatu. Salim alipanga chumba na ukumbi mtaa wa tatu kutoka sokoni, vyombo vyao vichache, na Tatu kwa kiburi chake hakutaka hata kimoja kutoka kwangu. Nilimbembeleza. Nikampelekea bilauri sita nzuri, akazirudisha.

"Atakuja, Tatu. Atakupindulia bilauri mbele ya watu."

"Aje."

Akaja siku Tatu alipotoka arobaini ya mtoto wa kwanza. Ukumbi umejaa, wao na sisi, na wote wanajua wanachokingoja. Kuna walioacha kazi zao wakaja kwa ajili hiyo tu. Bi. Nuru akakaa, akampakata mtoto, akaomba maji. Tatu akainuka mwenyewe. Alirudi na bilauri ya kalibu ya bei ya chini kuliko zote za sokoni, ya kijani, mshono wake mnene kama kamba, ungeweza kuuona ukiwa mlangoni. Akampa kwa mkono wa kulia na kusimama mbele yake, hakuondoka.

Bi. Nuru akaipokea. Nikakiona kile kidole, nilichokifundisha mimi, kinapanda ubavuni mwa bilauri kutafuta. Kikafika karibu na mshono. Ukumbi mzima tulikiangalia kidole kimoja.

Akakikunja. Akaishika bilauri kitakoni, akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, macho yako kwa mtoto, kisha akamrudishia Tatu bila ya kuipindua.

"Niongeze, mwanangu," akasema.